Firigisi Isiyokatwa

Hapo zamani, na zamani yenyewe ina tarehe, kwani ilikuwa Agosti ya mwaka 1974, ugonjwa wa mdondo uliingia katika kijiji kimoja chini ya milima ya Usambara. Asubuhi kuku anaparua, jioni shingo imepinda. Kijiji kizima kikafuata desturi: chinjeni mle, kabla hawajawa vibudu.

Bwana Shemdoe naye akamwambia mkewe, Bi Mwanaidi, "Wakamate wote, niwachinje."

Bi Mwanaidi akawakamata wote, isipokuwa jogoo mmoja na mitetea wawili. Hao akawafunika kwa tenga pembeni mwa jiko, akatandika gunia juu yake. Bwana Shemdoe akaketi kula. Tonge la kwanza halijafika kinywani, jogoo akawika.

"Mama Salehe, mbona mchuzi unawika?"

"Huyo hachinjwi," akajibu mkewe. "Ukimchinja, na mimi unirudishe kwetu."

Dada yake Bwana Shemdoe, Bi Mwantumu, aliyekuwa akiishi nao, akasikia. "Wifi, ubishi si dawa," akasema. Kulipokucha akashika njia kwa miguu hadi Korogwe kwa bwana mifugo. Akarudi na kichupa cha chanjo, amekichomeka ndani ya kipande kibichi cha mgomba kisipate joto, akawatia kuku wale matone machoni. Wakapona na mdondo.

Mitetea wakaatamia, wakaangua. Vifaranga walipoanza kukua, kicheche naye akaanza kubisha hodi. Ndipo Bwana Shemdoe alipojenga banda juu ya nguzo, na kwa kukosa mbao akang'oa mlango wa chumba chake mwenyewe. Tangu hapo kuku wakawa na mlango wa mninga, na mwenye nyumba akawa na pazia la mkeka. Majirani walicheka hadi wakachoka.

Ikafika Idi ya Oktoba, 1975. Ua umejaa kuku, na yule jogoo, sasa mzee, akachinjwa. Katika nyumba hiyo firigisi huliwa na mwenye nyumba, nayo haikatwi. Anayeila ndiye mwenye kauli juu ya kuku: nani achinjwe, nani aachwe.

Bwana Shemdoe akasogeza sahani. "Firigisi, Mama Salehe."

Bi Mwanaidi akafunika sufuria, akaketi kando yake, upawa mkono mmoja na sahani yake mkono wa pili. "Ya nani?"

"Swali gani hilo? Ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba alisema wachinjwe wote. Ukiila leo, mdondo ukirudi utasema tena. Niliyekataa ni mimi. Dawa haimfufui kuku aliyekwisha kuliwa."

Bi Mwantumu akacheka, naye akasogeza sahani yake. "Wifi, wewe ulificha maiti watatu chini ya tenga. Bila miguu yangu ungewazika na gunia lao. Nipe mimi."

"Na bila mlango wangu," akasema Bwana Shemdoe, "mngekuwa mmemchanjia kicheche kitoweo chake. Nilikosea, sikatai. Lakini ninyi mnalala kwenye vyumba vyenye milango. Mimi nimewekwa nyuma ya mkeka kama mwali."

Jirani aliyealikwa, ambaye njaa ilikuwa ikimuuma, akasema, "Basi ikatwe mara tatu."

"Ikikatwa," akasema Bi Mwanaidi, "kuku watakuwa na wakubwa watatu, na mmoja wao anapenda kisu."

"Hapo, wifi, umesema kweli," akasema Bi Mwantumu. "Lakini sahani yangu iko palepale."

Pilau inapoa. Sahani tatu zimenyooshwa, na mfuniko haujafunuliwa. Nanyi mnaonisikiliza, msinijibu kwamba ndivyo desturi isemavyo, maana desturi ndiyo iliyosema wachinjwe wote. Nijibuni kwa akili zenu wenyewe: kati ya aliyekataa, aliyetembea, na aliyeng'oa mlango wake, je, nani alistahili firigisi ile?