Mpini wa Nne wa Jeneza

Husimuliwa katika habari za waja wema, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Iraki aliishi seremala mcha Mungu akiitwa Maisara bin Wathila, pamoja na mkewe Lubaba, mshonaji. Jeneza la msikiti wa mtaa wao lilikuwa limeoza, na masikini wakawa wanawabeba maiti wao juu ya milango iliyong'olewa. Basi mwaka ule tauni ilipopita bila kuingia nyumbani kwao, wakaweka nadhiri. Maisara atachonga jeneza jipya, na Lubaba atashona mfarishi, yaani tandiko nene la vipande vya nguo lililojazwa pamba, la kumsitiri maiti njiani. Kila nyumba ikatoa kipande. Jirani yao Khaula alitoa upindo wa joho kuukuu la mumewe Nufaili, mchota maji.

Kazi ilikwenda vizuri. Kisha Lubaba akaanza kukohoa, akakohoa damu, na mwili ukamwisha. Hata hivyo alishona akiwa amelala ubavu, na mfarishi ukakaribia kukamilika. Hapo hofu ikamwingia Maisara. Akajiambia moyoni: "Mimi nachonga jeneza, naye anashona kifuniko. Siku vitakapokamilika, wa kwanza kulala humo atakuwa yeye." Tazameni, ndugu zangu, akili ya mtu aliyeshikwa na huzuni! Mtu wa kuswali safu ya mbele, akadhani Malaika wa mauti anangoja ruhusa ya seremala.

Basi, mipini mitatu ya jeneza ikiwa tayari, akauacha wa nne bila kuupachika. Mkewe akiuliza, alisema mti haujakauka. Na Lubaba alipofika upindo wa mwisho, Maisara aliichukua sindano yake nene akaificha chini ya maranda, kwenye pembe ya karakana. Lubaba aliitafuta kwa kupapasa godoro, kisha akanyamaza. Mfarishi ukakunjwa, ukawekwa pembeni.

Mvua za kipupwe zilipokuja, Nufaili akafariki. Wakamlaza juu ya mlango, na Maisara akashika pembe moja. Uchochoro ulikuwa unateleza. Mlango ukainama, maiti akaporomoka matopeni mbele ya macho ya watu, sanda ikachafuka, na Khaula akapiga ukelele kutoka kizingitini kwake. Maisara alimfuta Nufaili uso kwa mkono wa kanzu yake mwenyewe.

Aliporudi, akaketi karibu na mkewe.

"Tope hili la wapi, bwana wangu?" Lubaba akauliza.

Akamweleza yote, kisha akalia. "Mpini umekauka zamani, Lubaba. Na sindano niliificha mimi. Niliogopa ukimaliza utaniacha."

"Ya sindano nilijua," akasema. "Nikanyamaza, nikitaraji utaona haya mbele ya Mola wako kabla hujaona haya mbele yangu. Nami nimekosa kwa kunyamaza, kwani Nufaili hakuwa na nafasi ya kutungoja. Nipe sindano. Nikifa, nitakufa kwa siku niliyoandikiwa, si kwa uzi."

Alasiri ile ile Maisara akaupachika mpini, na Lubaba akashona upindo wa mwisho, akafunga fundo, akasema: "Alhamdulillahi." Maisara akakaa akizitazama pumzi za mkewe kwa hofu. Asubuhi Lubaba aliamka akaomba uji wa shayiri.

Jeneza likapelekwa msikitini. Likabeba wageni, wazee, na akina mama waliokufa kwa uzazi. Maisara alikwenda kwa Khaula kuomba radhi, akakiri kila kitu. Khaula alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

Lakini maradhi hayakumwacha Lubaba. Ramadhani ilipokaribia, Mola wake akamwita. Khaula akaja bila kuitwa. Akamkosha kwa mikono yake, akamvika sanda, na alipokwisha kulazwa juu ya jeneza, akautandaza mfarishi, akaugeuza mpaka ule upindo wa joho la Nufaili ukaja juu ya kifua cha marehemu.

Maisara alikuwa amesimama nje ya mlango. Akasema kwa sauti ndogo: "Umenisamehe, ewe Khaula?"

"Bado," akajibu. "Lakini yeye hatatoka nyumbani kwake kama alivyotoka mume wangu."

Maisara akainama, akashika mpini wa nne, wakaondoka.

Yasemwa kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyezikwa mtaani pale, tajiri wala fukara, ila Maisara alikuwepo kwenye mpini huo huo, mpaka siku alipobebwa yeye. Kama Khaula alimsamehe baadaye, wasimulizi hawakusema. Ewe ndugu, kazi ya kheri uliyoianza na kuiacha nusu nyumbani mwako, huenda ukawa unayo sababu yako, na huenda machozi yako ni ya kweli. Ila kuna mja wa Mungu nje huko aliyekuwa akiihitaji leo. Mola atupe nguvu ya kumaliza, na atusitiri siku ambayo hatutaweza kujisitiri wenyewe.