Mboni Apewa Jina la Wakubwa

Tajiri Semkiwa alimposea mwanawe binti mmoja hodari wa mapishi, jina lake Mboni, na siku hiyohiyo akamfukuza mpishi wake.

"Ila jina la babako utaliacha kwenu," akamwambia Mboni. "Utaitwa Semkiwa. Mtu wa jina hili haingii jikoni, hupikiwa!"

"Nami nitakuwa Semkiwa kamili, baba?"

"Kamili kabisa!"

"Basi uyaseme hayo mbele ya wageni."

Siku ya harusi akayasema yote kwa majivuno, watu wakapiga vigelegele.

Kesho yake asubuhi, jiko lilikuwa baridi.

"Chai iko wapi?" Semkiwa akafoka.

"Hata mimi naisubiri, baba," Mboni akajibu, amekaa kitako mezani. "Humu ndani sote ni akina Semkiwa. Tafuta mpishi. Ila huyo usimbadilishe jina."