Kwa Nini Duvi Huipima Nyumba Kabla ya Kuingia

Siku zile duvi, yule kaa mdogo wa pwani, hakuwa akibeba nyumba ya kuazima mgongoni. Alikuwa na gamba lake mwenyewe, gumu kama la kaa wenzake, na aliishi majumbani mwa watu, akiokota makombo chini ya vinu na kupanda kuta apendavyo.

Katika mji wa Kivunjuu, msuka mikeka mmoja aitwaye Mwanamkasi alimfuga duvi, akampenda kupita kiasi. Lakini duvi yule hakutulia. Mara yuko mlangoni, mara darini, mara juu ya mtungi, kwaru kwaru kutwa nzima. Mara mbili alianguka. Mwanamkasi akawa hasuki tena. Mikono iko kwenye ukili, macho yako ukutani.

Mumewe, Famau, alikuwa mfua shaba. "Mnyama huyu hana makao," akasema. "Nitamjengea."

Akafua kijumba cha shaba, chenye mlango mwembamba na ngazi laini ya kupandia. Mwanamkasi hakujiuliza kama kitamfaa; alitaka tu atulie. Akamsukumia ndani kwa vidole vyake, akakiweka kijumba uani, akarudi kwenye mkeka.

Adhuhuri shaba ikashika moto. Duvi akapanda ngazi, akateleza. Akapanda tena, akateleza. Mwanamkasi aliusikia mkwaruzo, akasema atazoea. Ulipokatika ndipo alipoinuka mbio. Gamba lilikuwa limenasa mlangoni, na duvi amejichomoa, yuko nje, mgongo mtupu, laini kama ufizi wa mtoto mchanga, anatetemeka.

"Nimemuua," akasema.

"Bado," Famau akajibu. "Mfiche na jua."

Wakamfunika kwa kitambaa kibichi, wakakimbia naye pwani. Mwanamkasi akampa kifuu cha nazi, kikampwaya. Akampa gamba la chaza. Halikuwa na pa kujificha. Kunguru wakaanza kuzunguka juu. Akazoa magamba ya konokono wa baharini ya kila namna, akayamwaga mchangani, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaa kando, akaibana mikono kwapani, akamwacha.

Duvi akapapasa mdomo wa gamba la kwanza, akaliviringisha, akaliacha. La pili akaingiza mguu, akautoa. La tano, duvi akageuka, akaingia kinyumenyume, akaziba mlango kwa gando lake. Baada ya kitambo akatoka nusu, akaushika mkoko wenye gome la kukwaruza, akapanda asiteleze hata mara moja.

"Tumchukue?" Famau akauliza.

"Mwache. Akitaka atashuka."

Hakushuka. Wakarudi nyumbani wawili.

Na tangu siku hiyo duvi huwa na mgongo laini, wala haingii nyumba asiyoipima mwenyewe. Anayemfuga humwekea magamba mengi, kivuli, na kijiti chenye gome la kukwaruza, kisha humwacha achague. Na ukimshika kwa pupa, hujivuta ndani akaziba mlango, hafungui mpaka aone kwamba mkono wako umetulia.