Kifurushi cha Tarehe

Ndugu zangu, kulikuwa na mwanamke mmoja aliyetunza kompyuta za hospitali katika mji mdogo, ile miji ambayo ukivaa viatu vipya asubuhi, saa sita umeshaulizwa ulikovinunua. Duka la dawa la hospitali lilitumia programu aliyoiandika yeye: jina la mgonjwa linaingizwa, lebo inachapishwa, na juu yake tarehe ya kurudi.

Sehemu ya tarehe hakuiandika mwenyewe. Mafundi wa programu wana ghala la wazi mtandaoni. Mtu akitengeneza kipande kizuri anakiweka humo, na yeyote anakichukua bure. Wanakiita kifurushi. Hiki kilikuwa cha mzee mmoja wa nchi ya mbali, na kwa miaka mingi kilifanya kazi yake kimyakimya.

Jumatatu moja, baada ya kupokea toleo jipya la kifurushi, mwanamke aliona jambo dogo. Akamwita mfamasia.

"Dada, njoo uone. Kidude cha kupanga tarehe kinatafuta nini kwenye majina ya wagonjwa?"

"Labda kinataka kuwatumia salamu za siku ya kuzaliwa."

"Sitanii. Kinayasoma, kisha kinataka kutoka nayo nje."

Mfamasia aliacha kucheka. Wamo watu wanaomeza dawa ambazo hata wenzi wao hawazijui. "Yametoka?"

"Kwetu hapana, njia ya kutoka nje nilishaifunga. Kinabisha tu. Kwa hospitali nyingine sijui."

"Na nani amekipika?"

"Mtu wa mtandaoni."

"Wewe! Mama wa maandazi unamhoji mpaka mafuta aliyokaangia. Hiki ulikimeza tu?"

Alikiondoa, akawatahadharisha wengine wanaokitumia. Lakini swali halikumtoka: mzee mwaminifu miaka yote hiyo, amegeukaje mwizi? Akafungua ukurasa wa kifurushi, ambako mazungumzo yote huhifadhiwa, akaanza kusoma kurudi nyuma.

Mwizi hakuwa yule mzee. Toleo lile lilitolewa na msaidizi aliyekabidhiwa kazi miezi minne kabla. Kwa nini alikabidhiwa mtu asiyejulikana? Akazidi kurudi nyuma, hadi kwenye tangazo la mzee mwenyewe: "Mke wangu amefariki wiki iliyopita. Nitachelewa kujibu. Kama yupo wa kunisaidia, nitashukuru."

Chini yake yalikuwapo majibu ishirini na matatu. La kwanza lilisema: "Hitilafu ya mwaka mrefu itarekebishwa lini? Tunasubiri."

Alilisoma mara mbili. Lilikuwa lake.

Huyu ni mwanamke ambaye mtaani kwake hakosi msiba. Hufika na kanga kiunoni, akaosha vyombo vya watu asiowajua. Lakini tangazo lile alilipitia akitafuta jambo lake, na neno la kifo hakuliona. Wale wengine nao waliuliza kama yeye, isipokuwa mmoja, aliyeandika: "Pole sana, mzee wangu. Pumzika. Nitakushikia kazi."

Huyo ndiye aliyekuwa mwizi.

Mnasikia? Hakuvunja mlango. Alitoa pole, basi, na mzee akampa funguo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyempa pole. Tutamlaumu mzee? Wewe ungempa nani?

Sisi tunakula kazi za watu tusiowauliza hali. Yupo anayefungua kanisa hili kabla hatujafika. Yupo anayepanga viti, na yupo anayetengeneza vipaza sauti, ambaye tunamkumbuka siku vinapokoroma. Tunataka wawe imara, wasichelewe, na siku wanaposema wamechoka tunauliza kazi itakwisha lini. Kisha akija mtu mbaya mwenye neno zuri, tunashangaa amepitia wapi. Alikaa kwenye kiti tulichokiacha wazi, ndugu zangu.

Mwanamke yule ilimbidi amwandikie mzee habari za wizi. Aliandika, akafuta, akaanza upya: "Nilichelewa kukupa pole. Mkeo aliitwa nani?"

Ibada ikiisha, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja, amuulize swali la namna hiyo. Na asiondoke kabla ya kusikia jibu.