Paja la Korongo wa Kwanza

Hapo zamani za upinde na mshale, siku korongo alipoanguka katika shamba la karanga, walikuwepo watu hawa: Sayi, aliyekuwa akijifunza kuwinda, Minza, mkewe, mtoto wao Ngolo, aliyekuwa bado ananyonya, Lutonja, kaka yake Minza, na Holo, mjane mwenye shamba. Hakuwepo mwingine. Na wote walikuwa wamechoka.

Sayi hakuzaliwa mwindaji. Alikuwa mfugaji, ng'ombe wake wakafa kwa ugonjwa mpaka zizi likaota majani. Ndipo akamwendea Lutonja, mwindaji hodari aliyevunjika bega, asiweze tena kuvuta upinde.

"Shemeji, nifundishe kuwinda korongo."

"Mikono hiyo imezoea kukamua," Lutonja akasema. "Korongo hakamuliwi. Haya, njoo."

Nchi ile ilikuwa na desturi yake. Mwindaji mpya hali windo lake la kwanza. Paja lake la kulia humpa mtu mmoja tu, yule aliyemfanya kuwa mwindaji. Mtu huyo hupata paja la kila windo linalofuata, mpaka afe. Na paja hilo haligawanywi.

Basi Sayi akaanza. Korongo wakapita juu sana, yeye akaruka akasimama, akapiga mshale. Mshale ukarudi chini kama kijiti, na korongo wakahamia bonde jingine. Sayi akarudi mikono mitupu. Akachoka. Akaenda tena.

"Ulitaka kupiga mawingu?" Lutonja akamcheka, kisha akamfunika shuka lake kwa sababu alikuwa anatetemeka. "Sikiliza. Upepo ukupige mgongoni, maana korongo hutua akiuelekea. Atakuja usoni pako mwenyewe. Na wa kwanza akitua, usitikisike. Huyo katumwa na wenzake kuangalia."

Lutonja akawaita korongo kwa koo lake, alfajiri baada ya alfajiri, mpaka mate yake yakawa na damu. Korongo wakaitika kwa mbali. Hawakushuka.

Lutonja akaenda kwa Holo, aliyekuwa akishinda shambani akigonga kibuyu kufukuza ndege. "Mama, acha kuwafukuza. Korongo hurudi pale alipokula kwa amani."

Holo akatazama karanga alizokwisha kupanda. Hakuwa na mbegu nyingine. Akamtazama Sayi, mbavu zake, na mkewe mwenye mtoto mgongoni. Akaweka kibuyu chini. "Wale basi," akasema.

Korongo wakala. Kila asubuhi walifukua mbegu, na kila asubuhi Holo aliwachemshia wawindaji uji, akawaachia kizingitini, akarudi ndani asione shamba.

Sayi akatengeneza korongo wa bandia kwa vibuyu na majivu, akawasimamisha vichwa juu. Korongo wa kweli wakazunguka, wakawatazama, wakaenda zao. Sayi akarudi mikono mitupu. Akachoka. Hakutaka kwenda tena.

"Baba Ngolo," Minza akamwambia, "hawa wako wameingiwa na hofu. Anayekula huinama." Akazifungua shingo zote, akazifunga upya zikiinama, mtoto akilia mgongoni.

Kesho yake Sayi akaenda tena. Akajificha na Lutonja ndani ya mabua ya mtama kando ya shamba. Minza alikuwa ndiyo kwanza anawaletea maji, korongo wakaanza kushuka. Akalala chini palepale na mtoto, akamtia ziwa mdomoni. Alikuwa amelala juu ya njia ya siafu. Wakampanda miguuni, wakamng'ata. Akamnyanyua mtoto juu ya kifua chake, akauma kanga yake, akanyamaza.

Korongo wa kwanza akatua. Lutonja akamkandamiza Sayi goti. "Bado." Wa pili akatua. "Bado." Akatua mkubwa kuliko wote. "Sasa."

Mshale ukampata. Sayi akakimbia kumshika, na korongo aliyejeruhiwa akamlenga jicho kwa mdomo wake. Lutonja akamrushia ndege shuka kichwani, na yote yakaisha.

Walikaa chini, hakuna aliyefurahi kwa sauti. Sayi akatoa kisu. "Paja ni la nani?"

"Usiniulize," Lutonja akasema, sauti imekauka. "Mambo ya upepo ulifundishwa na nani? Goti lako lilishikwa na nani? Sina mkono wa kuvuta upinde, na sasa sina hata koo. Nitakula nini?"

"Kaka, ugali wangu ulikuwa unaula vizuri tu," Minza akasema, akacheka kidogo, halafu akaacha. "Tazama miguu yangu. Ningepiga yowe moja tu, leo tungekuwa tunapika mlenda. Nyama ya mwindaji huenda kwa mama mkwe wangu na ukoo wake, mimi hubaki na mchuzi. Maziwa yangu yanakauka, kaka. Ngolo ananyonya, hapati kitu."

Holo alikuwa ametoka nyumbani na maji ya uvuguvugu, anampangusa Minza miguu. Hakuinua kichwa.

"Mimi sikumfundisha mtu. Sikung'atwa na kitu. Nilikaa tu. Lakini ni nani kati yenu amewahi kukaa tu, akatazama chakula chake cha mwaka kinaliwa? Ukame ukija, nitagonga mlango wa nani?"

Sayi akawatazama mmoja mmoja. Wote watatu aliwapenda. Kisu kilikuwa kizito mkononi.

Jua lilipozama alikuwa amelikata paja na kumpa mmoja wao. Asubuhi yake wote wanne walikwenda kuomba mbegu nyumba kwa nyumba, wakapanda upya shamba la Holo, na walikuwa bado wanabishana.

Nanyi mnaonisikiliza, kisu kile kingekuwa mkononi mwenu, paja mngemkatia nani?