Mtoto Aliyenyimwa Jina

Kwaruu! Ukucha ulikwaruza mlango wa Mwanakheri, enyi wenzangu, naye akamkumbatia mwanawe mchanga. Watoto wawili wa kwanza aliwapa majina, na wote wawili akawazika. Huyu wa tatu alimnyima jina, ili kifo kikija kisijue kumwita.

"Ewe mama wa makaburi," zimwi likaita kutoka nje, "huyo Mungu wako yupo?"

"Yupo."

"Mbona ulizika mara mbili?"

"Sijui."

Komeo likadondoka lenyewe.

"Na uchungu wako ni wa kweli, au unaota tu?"

"Njoo uubebe wewe, ndipo utajua!"

Zimwi likacheka, na mlango ukafunguka.

"Basi, hicho ulichopakata ni nini? Kisicho na jina hakipo, na kisichokuwapo ni changu."

Mwanakheri akatazama chini. Miguu ya mtoto ilikuwa imeyeyuka kama moshi, na kiuno kilikuwa kinafuata. Akitaja jina, kifo kitasikia. Akinyamaza, atakuwa hajamzaa kabisa.

"Ni mwanangu," akasema. "Anaitwa Majaliwa."