Mizani ya Mzee Mrutu

Sogeeni karibu, niwape kesi ambayo ukoo mzima umeshindwa kuikata.

Pale Mwanga walikuwapo watu watatu. Nakijwa alijua kuuza kwa simu. Binamu yake, Elineema, alijua kutunza ahadi. Jirani yao, Bi Namsifu, alijua kusikiliza. Wote walimpenda Mzee Mrutu, baba yake Nakijwa, mwenye duka la vyombo na vikorokoro vya nyumbani.

Ikafika siku watu wa mji wakaanza kuagiza vitu kwa simu. Sufuria, taa, hata visu, vikawa vinakuja kwa basi kutoka mbali. Mzee akawa anashinda nyuma ya kaunta, hajauza kitu. Akaacha kunyoa ndevu. Chakula nacho kikamshinda.

Nakijwa akarudi kutoka Moshi. Akayafuta vumbi mabeseni ya zamani, akayapiga picha na kuyaweka mtandaoni. Watu wa mijini wakayagombania, na kodi ya pango ikapatikana. "Lakini wateja wenyewe mbona siwaoni?" mzee alimuuliza.

Elineema alibeba kila mzigo hadi stendi. Beseni moja lilipofika Arusha limebonyea, alipanda basi akampelekea mnunuzi jingine kwa mkono wake. Tangu hapo walioko mbali wakaliamini duka.

Bi Namsifu alikuja kila asubuhi kununua kiberiti. Nyumbani kwake alipikia jiko la gesi la kujiwasha lenyewe. Viberiti vilijaa kabatini. Aliketi kwenye benchi, mzee akamsimulia habari za marehemu mkewe. Kwa ajili ya Bi Namsifu mzee alinyoa tena, akavaa shati safi, akafungua mlango.

Kipupwe kilipoingia, mzee akashikwa na kifua. "Mizani ya marehemu baba yangu, ile ya pale kaunta, msiiuze," alisema. "Apewe aliyelifanya duka langu liishi." Hakutaja jina. Alfajiri akafariki.

Baada ya matanga ukoo ukaketi kikao.

"Bila simu yangu lingefungwa," Nakijwa alisema huku akilia.

"Na picha zingejibeba hadi stendi?" Elineema aliuliza taratibu.

 Bi Namsifu alipobanwa aseme, alijibu, "Mimi nilikuwa mteja wake."

"Wa pekee ambaye mzee alimwona kwa macho," shangazi mmoja akaongeza. Nakijwa akainamisha kichwa.

Kikao kikavunjika hivyo hivyo. Leo duka limefungwa, mizani imo ndani, na wale watatu hawatembeleani tena.

Je, wewe ungempa nani?